Afande Semei na Ukurasa wa Kumi na Mbili

Ukitaka kumjua Semei Mafabi, anza na buti zake. Hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, tulizisikia kabla ya kumwona mwenyewe, ko, ko, ko, kwenye lami kidogo iliyobaki ya barabara yetu. Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza, na aliyekuwa amenyamaza akaanza kulia. Alikuwa koplo wa magereza kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu, mwaka elfu mbili na kumi, alikuja kukaa nyumba ya tatu kutoka kwangu pamoja na mkewe. Mkewe akafariki, watoto wakahamia Kampala, yeye akabaki na buti.

Si mtu mbaya, hilo nalisema mapema. Mume wangu alipofariki, Semei alisimama mlangoni kwangu siku tatu, wima, bila kuombwa na mtu. Alidhani ananipa heshima. Wageni wengi wa matanga waligeuka njiani wakidhani nimekamatwa.

Shida yake ilikuwa Kiswahili. Mimi nimezaliwa hapa hapa, baba yangu akifanya kazi kiwanda cha nguo, na miaka ya sabini naikumbuka kama jana. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari anayekugongea mlango. Jirani yangu mmoja alisikia redio yake mwenyewe ikianza kusema Kiswahili akatorokea dirishani, na hakurudi mpaka Jumatatu. Sasa Semei ni Mugisu wa milimani juu ya Mbale, lakini kazini walikuwa Waacholi, Waiteso, Walugbara, na wote walisikilizana kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha amri. Lusoga, lugha ya hapa, hakuijua. Basi akimsalimia mtu njiani, "Wewe! Habari yako!", mtu huyo alitoa kitambulisho.

Mwaka juzi shule yetu ya msingi ililetewa sanduku la vitabu kutoka Mbale. Vilikuwa vitabu arobaini, vyote sawasawa, vya picha, vya kuwafundisha watoto kutunza ziwa. Kwa kuwa serikali inataka Kiswahili kifundishwe, viliandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu mkuu, Madam Gorreti, alifungua kimoja, akakifunga, akawatazama walimu wake. Walimu nao wakatazama chini.

"Nani anajua lugha hii?" akauliza.

Mimi nilikaa Mombasa miaka minne, mume wangu alipokuwa dereva wa lori. Nilinunua samaki, niligombana na mwenye nyumba, nilimzaa mwanangu Swaib, vyote kwa Kiswahili. Praimari siksi niliimaliza mwaka wa sitini na mbili, wakati praimari siksi ilikuwa na uzito. Hakuna aliyenikumbuka. Walisema kwa sauti moja, "Kiswahili? Mwiteni Afande."

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa kumi na mbili. Kinamhusu chura anayekaa ukingoni mwa ziwa. Siku moja upepo unaleta kavera, yaani mfuko wa plastiki, unamvika kichwani kama kofia. Ng'ombe anapita, hajali. Mvuvi anapita, anacheka. Kurasa zinakwenda hivyo, na kwenye ukurasa wa kumi na moja chura amejikunyata ndani ya kavera, haoni ziwa wala jua. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili anakuja mtoto, yule yule aliyeitupa kavera. Anainama, anamvua chura kofia hiyo, na kumwambia, "Nisamehe." Chura anaruka majini. Mwisho.

Semei alikwenda siku ya kwanza na kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama peke yake. Mjukuu wangu Twaibah, wa darasa la pili, ndiye aliyenisimulia.

"Keti! Macho mbele! Kitabu, fungua! Ukurasa wa kwanza! Chura! Anakaa ziwani! Ana furaha! Umeelewa?"

"Ndiyo, Afande!"

Hakuna aliyeruhusiwa kugeuza ukurasa bila amri. Wakaenda hivyo, mmoja mmoja, mpaka wa kumi na moja. Hapo Semei akakohoa. "Kitabu, funga! Tawanyika!" Akavikusanya vitabu vyote arobaini, akavihesabu, akavifungia.

Ukurasa wa kumi na mbili hakuusoma. Hakuusoma siku hiyo, wala wiki hiyo, wala muhula huo.

Watoto walimpenda, sijui nieleze vipi. Labda kwa sababu walimu wengine walisoma kama watu wenye usingizi. Jioni ya siku ile ya kwanza walimsindikiza mpaka nyumbani kwa mistari miwili, mikono ikipanda na kushuka. Yeye akaja moja kwa moja barazani kwangu, akavua kofia.

"Mama Swaib," akasema, "leo watu arobaini wamenifuata, na hakuna hata mmoja aliyefungwa."

Akakaa. Nikamwona anafuta jicho kwa ukingo wa kofia, akisema ni vumbi. Tangu hapo nilijua kwamba ukimnyang'anya mtu huyu kile kitabu, afadhali umnyang'anye pensheni.

Lakini watoto hawakuujua mwisho. Kwao chura alikuwa bado yuko huko ziwani, kavera kichwani, anangoja. Twaibah alikataa kula.

"Jaja," akaniuliza, ndivyo tunavyowaita bibi na babu, "na yeye anakula vipi?"

Siku ya tatu walianza kumtafuta. Walileta vyura kumi na tatu kwenye karai, na Semei, badala ya kuwaambia ukweli, akawapanga vyura kwa gwaride la utambulisho. Watoto wakapita mbele yao, mikono nyuma, wakiwakagua usoni. Hakuna chura aliyekuwa na kavera. Kwa hiyo, wakakubaliana, hakuna aliyekuwa yeye. Vyura wakaachiliwa, isipokuwa wawili waliokuwa wamekwisha kujiachilia.

Hapo ndipo walipoamua kukamata kavera.

Nyuma ya shule kulikuwa na banda la kuku lisilo na kuku. Semei alilitia kufuli, akafungua daftari. Nimeliona daftari hilo kwa macho yangu. "Namba 1. Kavera nyeusi. Amekamatwa mbele ya duka la sabuni. Kosa: kukaa kichwani mwa chura. Alama: ametoboka kiunoni. Tabia: mtulivu." Kila mtoto alileta mahabusu wake kila asubuhi. Walihesabiwa asubuhi, wakahesabiwa jioni. Mtoto aliyeleta chupa ya plastiki aliambiwa hiyo ni kesi nyingine, apeleke polisi.

Mimi mwenyewe nilisimamishwa nikitoka sokoni. Wasichana wanne na Twaibah mbele yao.

"Jaja, simama. Hiyo kavera iko chini ya ulinzi."

"Twaibah! Mimi si bibi yako?"

"Ndiyo, Jaja. Nyanya ni zako. Kavera ni ya serikali."

Nikafika nyumbani na nyanya kwenye kanga. Sokoni wauza nyama walirudia kufunga nyama kwa majani ya mgomba, kama zamani za mama yangu, maana hakuna aliyetaka mteja wake akamatwe mlangoni. Walukuba ikawa safi hata watu wakapotea, kwa sababu walikuwa wamezoea kuelekezana kwa takataka: ukifika rundo la kwanza, kata kushoto.

Lori la taka lilipokuja, Semei alilizuia getini.

"Hati iko wapi?"

"Hati gani, mzee?" akauliza dereva. "Mimi nachukua takataka."

"Hawa si takataka. Hawa ni mahabusu. Hawajahukumiwa."

"Basi wahukumu, mimi nangoja."

"Wewe unaona mimi ni hakimu? Koplo hahukumu mtu!"

Dereva alizima injini, akafikiri, akaiwasha tena, akaenda zake. Banda likazidi kujaa. Kwenye daftari namba zilifika mia nne na kumi na mbili.

Halafu ikaja dhoruba, saa nne ya asubuhi, ikainua bati moja la banda. Mahabusu sitini na mmoja wakatoroka. Semei akapiga firimbi. Shule nzima iliacha hesabu ubaoni, ikatoka mbio kuifuata njia ya Wanyange, walimu nyuma yao. Mpaka saa saba walikuwa wamewarudisha wote, lakini wazazi wawili walikuwa tayari kwa Madam Gorreti, na mmoja alikuwa amekuja na mtoto aliyekanyaga tope mpaka mabegani. Mtu anakanyagaje tope mpaka mabegani? Aliinama, wakasema, kumhoji chura.

Madam Gorreti akaandika barua Mbale, na jibu likaja haraka. Mwenye vitabu, yaani mwandishi aliyevituma, alimtaka msomaji aende akasome mbele yake. Asipomridhisha, vitabu vitatafutiwa msomaji mwingine.

Semei aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Akaisoma tena amekaa.

"Mama Swaib," akasema, "utakuwa shahidi wangu."

Tukaenda Mbale. Alivaa kaki, na kwenye bahasha alibeba kavera namba moja, kama kielelezo. Bodaboda mbili zilitupandisha mtaa wa Nkoma, kwenye nyumba yenye ua wa maua, na mwenye vitabu akatufungulia mlango. Aliitwa Madam Oliver. Kwetu Oliver ni jina la mwanamke, na huyu alikuwa mdogo kama kijiko, rangi ya kuchorea imemkauka kwenye kucha. Sebule yake ilijaa michoro ya vyura. Hata kwenye vitambaa vya viti walikuwapo vyura.

"Karibuni. Mzee, nisomee tu kama unavyowasomea watoto."

Semei akapiga saluti. "Keti! Macho mbele!" Madam Oliver alikuwa amekaa tayari, lakini akakaa tena. Paka wake akapanda pazia. Semei akasoma kurasa kumi na moja bila kuvuta pumzi, akafunga kitabu, akasema, "Tawanyika!" Paka akatawanyika.

Madam Oliver akangoja. "Na wa kumi na mbili?"

"Ule hausomwi mbele ya watu, Madam."

"Hausomwi? Mzee, ule ndio niliouandika kwanza! Hizi kumi na moja nilizitafuta baadaye."

Semei akanitazama. Nikatazama chura wa kwenye kitambaa.

"Madam," akasema, na nilimsikia kwa mara ya kwanza akisema Kiswahili polepole, "hilo neno la mwisho, nilisikia kila siku, miaka thelathini na mbili. Watu walisema kwangu. Mimi sikusema kwa mtu. Kwa lugha hii, sijui mtu wa buti anasema aje."



Madam Oliver hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Lakini hakulegea pia. "Ijumaa nitakuja Jinja. Ukiusoma ukurasa wa kumi na mbili mbele ya watoto, vitabu ni vyako mpaka vichakae. Usipousoma, nitampa mwingine." Akageuka. "Mama, wewe unajua Kiswahili?"

Nikasema ukweli. "Nimekaa Mombasa miaka minne."

"Basi tunaye wa akiba," akasema.

Sitaficha kwamba njiani kurudi nilijiona nimekaa mbele ya watoto arobaini, kitabu mkononi, sauti yangu nzuri. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu sanduku lifunguliwe. Semei alikuwa kiti cha mbele, ameshika bahasha yake, shingo imeanguka. Tulipofika Jinja nikamwambia, "Afande, kesho baada ya chai, njoo ujifunze."

Akaja. Nikamwambia aseme lile neno. Akasimama, akavuta pumzi.

"NISAMEHE!"

Mwanamume aliyekuwa akipita na baiskeli aliiangusha, akainua mikono.

"Punguza, Afande."

"Nisamehe! Upesi!"

"'Upesi' haimo kitabuni."

Siku nzima hivyo. Ya pili alijifungia nyumbani kwake ajizoeze peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majirani walisikia kutoka nyumba ya Afande, mchana kweupe, neno lile likitoka mara kumi, ishirini, "Nisamehe! Nisamehe!" Wengine hapa wana kumbukumbu ndefu kama mimi. Wakajua mtu anateswa. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na vijana sita na mchi wa kinu, wakavunja mlango. Walimkuta Semei peke yake, amesimama wima mbele ya jerikani la maji.

"Yuko wapi huyo mtu?" akafoka mwenyekiti.

"Mtu gani?"

"Anayeomba msamaha!"

"Ni mimi," akasema Semei.

Walimtazama. Wakalitazama jerikani. Mwenyekiti akalikagua, akalitikisa, akasikia ni maji tu. Wakaondoka kinyumenyume, na mchi wao.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti kisicho na mlango.

"Mama Swaib, soma wewe. Wewe sauti yako iko sawa."

Shetani alinikalia begani, nasema kweli. Alinikalia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikaona zile buti.

"Afande," nikamwambia, "Mbale ulisema mtu wa buti hajui anasema aje."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nifundishe buti Kiswahili? Vua."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. Hakuvua. Akaingia ndani, na kwa kuwa hakukuwa na mlango wa kufunga, akanipa mgongo.

Ijumaa shule ilijipanga chini ya mti wa msambia. Madam Oliver alikaa mbele na Madam Gorreti, mimi pembeni na kanga yangu mpya, maana ukiwa wa akiba huwezi kwenda ovyo. Semei akaja, ko, ko, ko. Buti alikuwa hajazivua.

"Keti! Macho mbele! Kitabu, fungua!"

Ng'ombe akapita, mvuvi akacheka, tukafika ukurasa wa kumi na moja, na chura gizani. Semei akakohoa. Watoto wale, kwa mazoea ya muhula mzima, walifunga vitabu wenyewe, wakasimama, wakaanza kutawanyika.

"Rudi!" akaguta.

Wakarudi. Twaibah akainua mkono. "Afande Jaja, bado kuna kitu?"

Semei akashusha kitabu. Akakaa kwenye nyasi, mtu mzima na kaki yake, akaanza kufungua kamba za buti. Nani angejua kwamba kamba za buti za askari ni ndefu hivyo? Zilizunguka kifundo mara tatu, na mafundo yalikuwa ya miaka. Madam Oliver alitazama saa. Madam Gorreti akapendekeza kisu. Watoto walisogea, hatua moja, hatua mbili, mpaka wakamzunguka, maana mtaa mzima ulikuwa haujawahi kuiona miguu ya Afande. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Soksi zilipotoka, miguu ilikuwa imepauka na laini kama ya mtoto mchanga, na mtoto mmoja akasema, "Kumbe ana vidole!"

Semei akapiga magoti, akainama kama yule mtoto wa kwenye picha.

"Ukurasa wa kumi na mbili," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ina kutu. "Mtoto akainama. Akamvua chura ile kavera. Akamwambia..."

Nilisema neno lile kimoyomoyo kwa ajili yake mara saba. Kumbe nilikuwa nikilisema kwa sauti, kwa maana Madam Gorreti alinikanyaga.

"Akamwambia, nisamehe."

Kisha Twaibah, "Na chura? Alikasirika?"

"Hapana," akasema Semei, akitazama picha. "Aliruka. Alienda zake."

"Kwa hiyo amesamehe?"

"Amesamehe."

Twaibah akageuka kwa wenzake. Muhula mzima walikuwa wamefundishwa sheria na koplo, na sheria waliijua. Mlalamikaji akisamehe, kesi imekwisha. Kesi ikiisha, mahabusu hakai ndani hata dakika moja.

Hakuna aliyeweza kuwazuia. Walifika kwenye banda kabla sijainuka. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao Semei, lakini bati lile la dhoruba halikuwa limepigwa misumari vizuri. Walilifungua juu, wakasimama mistari miwili, wakapiga saluti. Upepo wa ziwani wa saa tisa ukaingia, ukazichukua kavera mia nne na kumi na mbili, pamoja na namba moja aliyerudishwa kutoka Mbale, nyeusi, nyeupe, za mistari ya buluu, ukazipandisha juu ya Walukuba kama harusi.

"Hapana!" akalia Madam Oliver. "Hapana, hapana, si hivyo!"

Mbio kama zilizofuata sijaziona tangu vita vya mwaka wa sabini na tisa. Madam Oliver alikimbia na viatu mkononi. Mwenyekiti wa mtaa alizidaka mbili kwa ule mchi wake. Lori la taka lilikuwa likipita, dereva akashuka akasaidia, akipiga kelele, "Sasa wamehukumiwa? Wamehukumiwa?" Na katikati ya yote alikuwa Semei, miguu mitupu, anaruka changarawe kama mtu anayekanyaga makaa, anamgonga mtu huyu, anamgonga yule, na kila anayemgonga anamwambia, "Nisamehe! Nisamehe, mama! Nisamehe, bwana!" Hakuna aliyeinua mikono. Walikuwa na kazi. Muuza kabalagala, maandazi ya ndizi, aliyemwagiwa sahani nzima alimjibu bila kugeuka, "Haya, haya, Mzee, ile pale, kamata!"

Madam Oliver alikuja kwangu mwisho, ananuka jasho, ana majani kwenye nywele.

"Wewe ungewasomea vizuri," akaniambia.

"Najua," nikasema.

"Lakini wasingekimbia hivi."

Akamwachia Semei vitabu vyote arobaini.

Siku hizi anasoma Jumanne na Ijumaa, kurasa zote kumi na mbili, kwa kandambili, na watoto wanageuza kurasa kabla ya amri. Buti ziko ndani kwangu, aliniomba nizitunze. Kavera tulizikamata zote, dereva akazichukua kwa hati niliyoiandika mimi mwenyewe, isipokuwa moja, namba moja, yule mtulivu aliyetoboka kiunoni. Alitua juu kabisa kwenye mfenesi wangu, mahali ambapo hakuna ngazi inayofika.

Kila asubuhi Semei anapita, na kwa sababu ya kandambili simsikii mpaka yuko barazani.

"Mama Swaib, bado yuko?"

"Bado yuko, Afande."

"Hajataka kushuka?"

"Amekataa."

Anatazama juu, mkono juu ya macho, kwa muda mrefu.

"Basi nisamehe kwa usumbufu," anasema, na mpaka leo sijajua kama anazungumza na mimi au na yeye aliye juu.